BARUA ZA UJIJI: MAISHA YA DAKTARI LIVINGSTONE

Wengi wetu tuliokulia Kigoma tumefika Ujiji penye mnara wa Daktari Livingstone. Tumekaa chini ya miembe, tumesimuliwa habari za yule Mzungu mwingine aliyekuja kumtafuta, kisha tumeteremka ziwani kununua migebuka na kurudi nyumbani. Nami nilifanya hivyo mara nyingi nilipokuwa mdogo. Nilidhani kwamba sifa yake yote ni kupotea na kuonekana. Likizo iliyopita niligundua kuwa sivyo, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika makala haya.

Bibi yangu, mzaa mama, ni Mmanyema wa Ujiji. Wazee wake walitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Nilimwuliza walivukaje. Alinyamaza, akaendelea kuchambua dagaa, mwishowe akasema kwamba walivuka tu kama wengine walivyovuka. Sikumwuliza tena. Lakini niliporudi shuleni nilikwenda maktaba kutafuta habari za Manyema, na huko nikamkuta tena Daktari Livingstone, safari hii si chini ya mwembe bali mbele ya kamati ya Bunge.

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi, 1813, katika mji wa Blantyre huko Scotland. Wazazi wake walikuwa maskini. Alipokuwa na umri wa miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha nyuzi za pamba, tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku. Kwa mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha Kilatini, akawa anasoma huku anafanya kazi. Hivyo ndivyo alivyojiendeleza mpaka akasomea udaktari, akawa mmisionari, na mwaka 1841 akafika Afrika ya Kusini. Mwaka 1845 alimwoa Mary Moffat. Kati ya mwaka 1854 na 1856 alivuka bara kutoka Luanda hadi Quelimane, na aliporudi kwao Uingereza sifa zake zilikuwa zimeenea nchi nzima.

Safari iliyofuata, ya mto Zambezi, haikumwendea vyema. Watu wengi walikufa kwa homa, na mke wake naye alifariki mwaka 1862. Lakini katika safari hiyo Livingstone aliona jambo ambalo hakulisahau tena. Karibu na Ziwa Nyasa aliona misafara ya watumwa, watu wamefungwa makongwa shingoni wakipelekwa pwani. Tangu hapo hakuandika habari za mito na maziwa peke yake. Aliandika pia habari za biashara hiyo.

Mwaka 1866 alianza safari yake ya mwisho, na tarehe 14 Machi, 1869, alifika Ujiji kwa mara ya kwanza. Alikuwa hoi kwa ugonjwa wa mapafu. Yafaa tuseme kweli kwamba aliyemtunza njiani alikuwa mfanyabiashara mmoja, Mohamed Bogharib, ambaye mwenyewe alikuwa na watumwa. Livingstone alikula chakula cha watu ambao kazi yao aliichukia, na wao walimhurumia mgeni ambaye kalamu yake waliiogopa. Alipofika Ujiji alikuta mali aliyoletewa kutoka Unguja imeibwa sehemu kubwa. Aliketi akaandika barua kama 40, akazitoa zipelekwe pwani. Karibu zote hazikufika. Wafanyabiashara wengi hawakutaka habari za Ujiji zisomwe mahali pengine.

Basi akavuka ziwa kuingia Manyema, na mwezi Machi 1871 akafika Nyangwe kwenye mto Lualaba. Karatasi zilikuwa zimemwishia. Aliandika juu ya magazeti ya zamani, akipitisha maneno yake juu ya maneno yaliyopigwa chapa, kwa wino alioutengeneza kwa rangi ya mbegu za mti. Tarehe 15 Julai, 1871, palikuwa na gulio kubwa Nyangwe, na wengi waliohudhuria walikuwa wanawake. Ugomvi ulianza juu ya bei ya kuku. Watu wa wafanyabiashara wakafyatua bunduki katikati ya umati. Wanawake walikimbilia mtoni, mitumbwi ikapinduka, wengi wakazama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400. Livingstone alikuwapo, akaona kwa macho yake.

Sasa nawaomba wasomaji tuondoke Nyangwe kidogo, twende London, mwezi ule ule wa Julai 1871. Bunge la Uingereza lilikuwa limeunda Kamati Teule ichunguze biashara ya watumwa katika pwani ya Afrika Mashariki. Mwenyekiti wake alikuwa Russell Gurney. Wajumbe wa kamati hiyo hawakujua kwamba siku zile zile, wao wakiwa wanauliza maswali mezani, watu walikuwa wanakufa maji Nyangwe. Wala Livingstone hakujua kwamba kamati imekaa.

Kwanza nieleze kamati ya namna hiyo hufanya nini, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Bunge zima lina watu wengi na mambo mengi, haliwezi kuchunguza kila jambo mpaka mwisho wake. Kwa hiyo huchagua wajumbe wachache na kuwapa jambo moja. Wajumbe hao huita mashahidi, huwauliza maswali, husoma hati, kisha huandika taarifa na mapendekezo. Kamati Teule haitungi sheria wala haitumi manowari. Uwezo wake ni kuuliza, kulinganisha majibu na kuandika. Baada ya hapo Serikali haiwezi tena kusema kwamba haikuambiwa.

Mbele ya kamati ile walikuja Jenerali Rigby, aliyekuwa balozi wa Uingereza huko Unguja, na Horace Waller, rafiki yake Livingstone tangu Zambezi, na Sir Bartle Frere, aliyekuwa Gavana wa Bombay. Yaliletwa pia mahesabu ya forodha ya Kilwa. Yalionyesha kwamba kati ya mwaka 1862 na 1867 watumwa 97,203 walisafirishwa kutoka Kilwa, na katika hao 76,703 walipelekwa Unguja. Niliposoma hesabu hiyo nilisimama nikafikiri. Kila mmoja katika watu hao alihesabiwa kwa ajili ya ushuru, kama pembe na karafuu. Hesabu yao tunayo mpaka leo, lakini majina yao hatunayo.

Kamati iligundua kosa lililokuwa ndani ya mkataba wa mwaka 1845. Mkataba ule ulikataza kupeleka watumwa Arabuni, lakini uliruhusu kuwasafirisha baharini ndani ya nchi za Sultani wa Unguja. Basi jahazi lililokuwa na watumwa liliweza kusema kwamba linakwenda Unguja au Lamu tu, na mbele ya safari likageukia kaskazini. Mwezi Agosti 1871 kamati ilitoa taarifa yake, ikapendekeza kwamba mlango huo ufungwe, yaani biashara ya watumwa baharini ikatazwe yote. Lakini taarifa ni karatasi. Mwaka mzima ulipita, na Serikali haikufanya jambo kubwa.

Turudi Ujiji. Tarehe 23 Oktoba, 1871, Livingstone aliingia tena Ujiji akiwa amekonda, miguu ina vidonda. Mtu aliyekabidhiwa mali yake alikuwa ameiuza yote. Siku chache baadaye akatokea Henry Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald la Marekani, mwenye chakula, dawa na nguo. Kukutana kwao kila mtu anakujua. Mimi naona jambo kubwa zaidi lilikuwa lile lililofuata. Livingstone aliketi barazani Ujiji akaandika barua kwa Lord Granville, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, na barua nyingine kwa gazeti la Stanley, akaeleza mambo aliyoyaona Nyangwe. Baada ya kupiga makasia pamoja mpaka kichwani mwa ziwa, ambako waliona kwamba mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki, walikwenda Unyanyembe. Huko waliagana mwezi Machi 1872, na safari hii barua zilibebwa na mtu ambaye hakuwa na sababu ya kuzitupa.

Barua hizo zilifika London mwezi Agosti 1872, miezi tisa tangu kuandikwa. Zilipochapishwa watu wakakasirika. Taarifa ya kamati iliyokuwa imelala ikaamka, kwa kuwa sasa ilikuwa na shahidi aliyeona. Serikali ikamtuma Sir Bartle Frere, yule yule aliyetoa ushahidi, aende Unguja. Sultani Barghash alikataa mwanzoni. Lakini alipoonywa kwamba manowari zitazuia bandari yake, alikubali. Tarehe 5 Juni, 1873, mkataba ulitiwa sahihi na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Siku ya Krismasi mwaka ule ule, jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini liliwekwa mahali pale pale.

Livingstone hakupata habari hiyo. Alikuwa amefariki tarehe 1 Mei, 1873, siku 35 kabla ya mkataba, katika kijiji cha Chitambo ambacho sasa kiko Zambia. Wenzake, ambao wakubwa wao walikuwa Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo. Alizikwa tarehe 18 Aprili, 1874, katika kanisa la Westminster Abbey, ng'ambo ya barabara tu kutoka nyumba ya Bunge ilimokaa ile kamati.

Sitaki msomaji afikiri kwamba mambo yalikwisha vizuri siku ile. Mkataba ulifunga bahari, haukufunga nchi kavu. Misafara iliendelea kupita Ujiji kwa miaka mingi. Utumwa wenyewe haukufutwa na sheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922. Tena wale waliokuja kwa jina la kukomesha utumwa walikuja pia kututawala. Jambo la tatu ni hili, kwamba katika mashahidi wa mwaka 1871 sikuona jina la Mmanyema wala la Muha hata mmoja. Susi na Chuma waliulizwa maswali mwaka 1874, walipokwenda Uingereza wakamsaidia Waller kutayarisha kitabu cha safari za bwana wao. Wakati huo kamati ilikuwa imekwisha kufunga kazi yake zamani.

Hata Livingstone mwenyewe si shahidi wa kuaminiwa bila kuulizwa. Mwaka 2011 wataalamu walitumia mwanga wa namna mbalimbali kusoma yale maandishi yake ya juu ya magazeti, yaliyokuwa yamefifia. Walikuta kwamba maelezo ya kwanza juu ya Nyangwe hayalingani kila mahali na nakala aliyoiandika baadaye, hasa juu ya mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe. Mauaji yalitokea, hilo halina shaka. Lakini hata mtu mwema anaponakili maneno yake hupenda kuyanyoosha. Ndiyo maana kamati huita mashahidi wengi, wala haitosheki na mmoja.

Mwaka huu nimechaguliwa kuwa katibu wa kamati ya chakula ya wanafunzi. Katika mkutano wa kwanza tulilalamika kwa sauti kubwa kwamba maharage yamepungua. Mwalimu mlezi hakukasirika. Alituuliza nani aliyepima, siku gani, na kiasi gani. Hakuna aliyejibu. Tulirudi tukapima kwa muda wa wiki mbili, tukaandika, tukakuta kwamba siku nyingine yalipungua kweli na siku nyingine tulikosea sisi. Mkutano wa pili ulikuwa mfupi na tulisikilizwa.

Bunge letu huko Dodoma nalo lina kamati zake. Mswada ukishasomwa mara ya kwanza hupelekwa kwenye kamati, na kamati huweza kuwaita wananchi watoe maoni yao kabla Bunge zima halijaujadili. Zamani nilidhani kwamba kazi ya Bunge ni hotuba tunazozisikia katika redio. Sasa naelewa kwamba sehemu kubwa ya kazi hufanyika katika vyumba vidogo, na kwamba mvuvi wa Kibirizi au mkulima wa Kasulu aliyeandika vizuri jambo aliloliona ana cha kupeleka huko.

Likizo ijayo nitakwenda tena kwa bibi. Nitachukua daftari, lakini nitaliacha mfukoni kwanza, nimsaidie kuchambua dagaa. Akipenda kusema, nitaandika kama atakavyosema, bila kunyoosha. Asipopenda, basi nitaandika tarehe, na kwamba nilimwuliza.