Harry Wright: Kocha aliyeitawala ligi ya kwanza ya besiboli

HARRY Wright alizaliwa Sheffield, Uingereza, mwaka 1835, akapelekwa Marekani akiwa mtoto mdogo. Baba yake alicheza kriketi ya kulipwa New York, hivyo mapema kijana alijua kwamba mchezo unaweza kuwa kazi.

Mwaka 1869 aliinoa Cincinnati Red Stockings, timu ya kwanza kuwalipa waziwazi wachezaji wake wote. Haikufungwa msimu mzima.

Ligi ya kwanza ya kulipwa ilipoanza mwaka 1871 ikiwa na timu tisa, Wright alikuwa Boston. Mdogo wake George, nyota wa kikosi, aliumia mguu na kukosa karibu nusu ya mechi. Chicago nayo ilikuwa ikiwania taji hadi moto wa Oktoba ulipoteketeza sehemu kubwa ya mji, uwanja na jezi zao. Ilimaliza msimu ugenini ikivaa jezi za kuazima, ikafungwa 4-1 na Philadelphia Athletics, walioibuka mabingwa.

Boston ilijibu kwa kutwaa ubingwa miaka minne mfululizo. Mwaka 1875 ilishinda mechi 71 na kupoteza nane tu. Lakini ubabe huo uliiumiza ligi yenyewe: timu dhaifu zilijitoa katikati ya msimu, ushindani ukafifia, na mwaka 1876 ikazaliwa Ligi ya Taifa, iliyopo hadi leo.

Wright alifariki dunia mwaka 1895. Mwaka 1953 aliingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa besiboli.