Bwana Mackay na Herufi za Mbao

Katika mji wa Venice, Italia, Aldo Manuzio alichapa vitabu tangu miaka ya 1490, na nyumba yake ilisifiwa Ulaya nzima. Hapa Uganda tulingoja karibu miaka mia nne, kisha kazi hiyo ikaanzwa na fundi mmoja asiye na nyumba kubwa wala mtambo mkubwa. Jina lake Alexander Mackay.

Mackay alizaliwa mwaka 1849 huko Rhynie, Scotland. Alijifunza uhandisi, akafanya kazi ya mitambo Ujerumani. Mwaka 1876 alitumwa Afrika ya Mashariki na wamisionari wa C.M.S. Njiani aliugua, akarudi pwani, akakata barabara ya Saadani mpaka Mpwapwa. Mwezi wa Novemba 1878 ndipo alipofika kwa Kabaka Mutesa.

Alikuta watu wana hamu ya kusoma, lakini vitabu vilikuwa haba, navyo vya Kiswahili, kutoka Unguja. Basi akachonga herufi za mbao, moja moja, akachapa karatasi za kufundishia. Baadaye akapata mtambo mdogo, akachapa masomo kwa Kiganda. Wanafunzi wakaitwa wasomaji.

Mwaka 1884 Mutesa alifariki, akatawala mwanawe Mwanga, naye aliwashuku wasomaji. Mwezi wa Januari 1885 vijana watatu waliuawa. Mwaka 1886 Wakristo wengi, Wakatoliki na Waprotestanti, waliuawa, na wengine walichomwa moto Namugongo. Mackay hakukimbia. Aliwachapia waraka wa kuwatia moyo wale waliojificha.

Mwaka 1887 alifukuzwa, akavuka ziwa mpaka Usambiro, kusini ya Ziwa Victoria. Huko nako aliendelea kutafsiri na kuchapa. Mwezi wa Februari 1890 akafa kwa homa, umri wake miaka 40, asipate kurudi kwao tangu siku aliyoondoka. Mwaka 1927 mifupa yake ililetwa Namirembe, ikazikwa huko.

Sisi tusomao hapa Kaberebere, pamoja na wenzetu wa Nakivale, hupewa kitabu mchana kweupe, na pengine tunakichana kurasa bila kufikiri. Basi tukumbuke kwamba zilikuwako siku ambapo karatasi moja iligharimu mbao, kisu na usiku mzima wa kazi, na kuitwa msomaji kulikuwa kuyahatarisha maisha.