Che Guevara, Pikipiki na Kamera

Sura ile unaijua hata kama jina huna. Bereti yenye nyota, nywele zimetimka, macho yanatazama mbali kana kwamba kuna jambo nyuma yako ambalo wewe hujaliona. Umeiona kwenye fulana za mitumba, umeiona imechorwa ubavuni mwa matatu. Wako wanafunzi wenzetu, tena si wa kidato cha kwanza, wanaodhani ni mwimbaji wa rege, eti binamu wa Bob Marley! Huyo ni Ernesto Guevara, maarufu Che, Mwajentina aliyezaliwa mjini Rosario mwaka wa 1928 na kuuawa Bolivia mwaka wa 1967.

Wanaoandika habari zake huanza na bunduki. Mimi nitaanza na kamera, na sababu ninayo. Muhula uliopita kulizuka mabishano bwenini: mtu akisafiri kwa pikipiki masafa marefu, abebe kamera ya namna gani? Mmoja alitaka kubwa yenye lenzi ndefu kama bomba la jiko, mwingine akasema simu yatosha (simu zenyewe tunaziacha nyumbani, lakini maneno hayalipiwi). Mimi nilimtaja Che nikachekwa. Basi makala haya ndiyo jibu langu.

Che alikulia katika familia iliyosoma sana lakini ambayo pesa zake zilikuwa zikija na kuondoka. Tangu utotoni alisumbuliwa na pumu, pumu kali ya kumlaza kitandani siku nyingi, nayo haikumwacha mpaka kufa. Ungetarajia mtu wa aina hiyo atulie nyumbani. Wapi! Mwanzoni mwa mwaka wa 1950, akiwa mwanafunzi wa udaktari, alifunga kijimota kiitwacho Micron kwenye baiskeli akazunguka mikoa ya kaskazini mwa Argentina, yapata kilomita 4,500. Ipo picha yake ya safari hiyo: kijana juu ya baiskeli, miwani ya vumbi usoni, mipira ya akiba ameivaa kifuani mshazari. Kampuni ya mota ile iliitumia picha hiyo kujitangaza katika gazeti la michezo la El Gráfico mwaka huo huo. Kwa hiyo kabla hajajulikana kwa lolote lingine, Che alijulikana kwa picha ya safarini. Hilo nililisema bwenini, hakuna aliyenisikiliza.

Safari kubwa ilikuja Januari 1952. Mwenzake alikuwa Alberto Granado, mwanabayokemia aliyemzidi kwa miaka sita hivi, na chombo kilikuwa pikipiki ya Granado, Norton ya mwaka wa 1939 yenye injini ya sentimita mchemraba 500. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya hizi bodaboda zetu. Waliipa jina la kujigamba, La Poderosa II, yaani Yenye Nguvu ya Pili. Nguvu yenyewe ilikuwa ya jina tu. Ilivuja, ilikatika, ilifungwa kwa nyaya, na iliwaangusha mara nyingi kwenye mchanga na changarawe. Walianza safari na mtoto wa mbwa, ambaye Che alikuwa anampelekea msichana aliyempenda. Maskini mbwa yule alidondoka kutoka kwenye keria nusura abanjwe, kisha akakanyagwa na farasi, na bado akafika hai.

Sasa wewe unayetaka lenzi ndefu, iweke kamera yako mahali pa mbwa yule. Pikipiki si gari. Inatikisa mpaka skrubu zinalegea zenyewe. Vumbi linapenya kila upenyo, mvua ikinyesha inakunyeshea wewe na mzigo wako, na ukianguka, mzigo ndio unaotangulia kufika chini. Kamera inayokaa ndani ya begi, chini ya hema na sufuria, haipigi picha. Mpaka uifungue, uliyetaka kumpiga keshapita. Ndiyo maana wasafiri wa enzi zile walizipenda kamera ndogo za filamu ya milimita 35. Leica ya kwanza ilianza kuuzwa mwaka wa 1925, ikaingia mfukoni mwa koti, na mkanda mmoja ulitoa picha 36. Picha 36 si nyingi, msomaji. Ilibidi ufikiri kabla ya kubonyeza.

Pikipiki yenyewe haikumaliza hata nusu ya njia. Walivuka milima kuingia Chile, na huko ikawa inakufa leo, inafufuka kesho, mpaka wakaiacha Santiago. Tangu hapo walitembea kwa miguu, kwa kudandia malori, kwa kujificha ndani ya meli. Mimi naona safari ya kweli ilianza pale, kwa sababu mtu asiye na pikipiki hulazimika kuongea na watu. Karibu na machimbo ya shaba ya Chuquicamata walikutana usiku na mchimba migodi na mkewe, wakomunisti waliofukuzwa kazi, hawana hata blanketi katika baridi ya jangwa. Wakawapa blanketi moja kati ya mawili waliyokuwa nayo. Baadaye Che aliandika kuwa usiku ule alisikia baridi kupita kiasi, na pia alijisikia karibu zaidi na binadamu wenzake. Huko Peru walihudumu katika makao ya wagonjwa wa ukoma ya San Pablo, kando ya mto Amazon, na wagonjwa wakawajengea chelezo wakakiita Mambo-Tango. Picha ya chelezo hicho ipo mpaka leo, wao wawili wamesimama juu yake. Julai 1952 walifika Caracas, Venezuela, na hapo wakaachana.

Aliporudi nyumbani aliyaandika upya maelezo yake, na mwanzoni kabisa kuna jambo ambalo mpiga picha yeyote angepaswa kulijua. Anamwonya msomaji asimwamini upesi, na mfano anaoutoa ni wa picha. Anasema unaweza kuoneshwa picha ya mandhari ya usiku, mbalamwezi inang'aa, kumbe ilipigwa mchana jua likiwaka. Si uchawi. Ukiiruhusu kamera ipokee mwanga kidogo sana, anga inakuwa nyeusi na jua linageuka mwezi. Asiyejua mpigaji alifanya nini hana njia ya kubisha. Ni lazima ameze alichopewa. Kijana wa miaka ishirini na minne kuandika hivyo juu ya kitabu chake mwenyewe! Nilipofika hapo niliweka kitabu chini kidogo.

Alihitimu udaktari mwaka wa 1953, akaondoka tena, safari hii bila pikipiki. Alikuwapo Guatemala serikali ya Jacobo Árbenz ilipoangushwa Juni 1954, akakimbilia Mexico. Ndani ya gari moshi alikutana na kijana wa Guatemala, Julio Cáceres, aliyeitwa El Patojo kwa ufupi wa kimo chake. Wote wawili walikuwa hawana kitu. Hapa ndipo penye uamuzi ninaoupenda kuliko mingine yote ya Che: vipesa vichache alivyopata hakununua viatu wala koti, alinunua kamera. Ilikuwa Zeiss ya milimita 35, ile ndogo ninayoizungumzia.

Kamera ile ndiyo iliyowalisha. Walizunguka bustani za Mexico City wakipiga picha familia na watoto, bila leseni, jicho moja kwa mteja na jingine kwa polisi. Mmexico mmoja mwenye chumba kidogo cha giza aliwasafishia filamu. Kisha kazi ngumu: kuutembea mji ule mkubwa kwa miguu kutoka upande huu hadi ule, kuwapelekea wateja picha zao, na kuwashawishi wazazi kwamba mtoto ametokea mzuri kweli na picha inastahili peso moja. Waliowahi kuwaona wapiga picha wa Uhuru Park wataelewa. Daktari mzima! Lakini mtu aliyegonga milango ya wageni mia kwa ajili ya peso moja moja anaujua mji kuliko aliyeupita kwa basi la watalii. Mwaka wa 1955 alipata kazi ya kupigia picha Michezo ya Nchi za Amerika kwa shirika la habari la Agencia Latina. Shirika lilifungwa muda mfupi baadaye bila kumlipa haki yake yote.

Julai ya mwaka huo huo alikutana na Fidel Castro, na yaliyofuata yamo katika vitabu vya historia, kwa hivyo nitayapitia mbio. Novemba 1956 walipanda mashua iitwayo Granma, Januari 1959 wakashinda Cuba. Che akawa waziri, sahihi yake ikawa kwenye noti. Haifai kuficha kwamba katika ngome ya La Cabaña alisimamia mahakama za kimapinduzi zilizowahukumu watu wengi kupigwa risasi, na familia za watu wale hazivai fulana yenye sura yake. Kamera hakuiacha, katika ziara zake za kiserikali ughaibuni alikuwa akipiga picha kama msafiri yeyote.

Picha tunayoijua ilipigwa tarehe 5 Machi 1960, siku moja baada ya meli La Coubre kulipuka katika bandari ya Havana. Alberto Korda, akiwa na Leica na lenzi ya milimita 90, alimwona Che akijitokeza jukwaani sekunde chache, akabonyeza mara mbili. Gazeti lake halikuichapa siku ile. Korda alikata pembeni, akaondoa mtu mmoja na majani ya mnazi, ikabaki sura peke yake. Korda huyo huyo alisimulia kuwa siku moja alikwenda kumpiga Che picha katika shamba la miwa; Che alipogundua kuwa yule ni mtoto wa mjini asiyewahi kukata muwa, aliagiza apewe panga, akate miwa wiki nzima, halafu ndiyo apige picha.

Mwaka wa 1965 Che alifika kwetu, au karibu na kwetu. Alipitia Dar es Salaam, akavuka ziwa Tanganyika kutoka Kigoma hadi Congo kuwasaidia wapiganaji wa huko. Wenzake walipewa majina ya Kiswahili kwa kuhesabu: wa kwanza Moja, wa pili Mbili, naye Che akawa Tatu. Kijana wa Kicongo, Ilanga, alimfundisha lugha yetu. Vita vyenyewe havikufaulu, na Novemba waliondoka.

Novemba 1966, chumba cha hoteli huko La Paz, Bolivia. Che ameingia nchini kwa pasipoti ya uongo ya mfanyabiashara wa Uruguay, kichwa amenyofoa nywele, miwani mizito usoni. Hata mtu aliyemjua angempita. Na mtu huyu anayejificha kutoka kwa dunia nzima anafanya nini? Anaketi mbele ya kioo cha kabati, anashika kamera, anajipiga picha! Nimeitazama mara nyingi. Hatabasamu. Ni kama anahakikisha bado yupo.

Mazoea hayo yalimgharimu. Msituni wapiganaji walipiga picha zao wenyewe, wakazifukia mapangoni pamoja na karatasi na dawa. Tarehe 14 Agosti 1967 alisikia redioni kwamba jeshi limeyapata mapango. Katika shajara yake aliiita siku ile siku nyeusi: dawa zake za pumu zimekwenda, na picha na hati zote zimekwenda. Mwezi uliofuata picha hizo zilikuwa mezani mbele ya mawaziri wa nchi za Amerika huko Washington, kuthibitisha kwamba yule mwenye upara ni Che.

Alikamatwa tarehe 8 Oktoba akiwa na jeraha mguuni, akapigwa risasi kesho yake katika chumba cha shule ya kijiji cha La Higuera. Alikuwa na miaka 39. Mwili ulipelekwa Vallegrande, ukalazwa juu ya sinki la kufulia nguo la hospitali, na waandishi wakaitwa. Freddy Alborta akapiga picha, macho ya marehemu yakiwa wazi. Jeshi lilitaka picha ile imalize ubishi kwamba amekufa. Mwaka huo huo nakala ya picha ya Korda ilikuwa imefika Italia, ikachapwa mabango kwa maelfu, na Korda hakulipwa.

Picha alizopiga Che mwenyewe zimehifadhiwa Havana, nazo zimewahi kupelekwa kwenye maonesho ng'ambo. Wengi wa wanaovaa sura yake hawajaona hata moja.

Na kuhusu mabishano yale ya bwenini: ndogo, ikae mfukoni, usiiweke kwenye keria.