Tigani El Mahi, tabibu aliyeheshimu kombe

Ukitajwa uganguzi wa maradhi ya akili katika bara letu la Afrika, jina linalotangulia ni la Profesa Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria, ambaye kuanzia mwaka 1954 aliwaweka wagonjwa wake katika vijiji vya karibu na Aro pamoja na jamaa zao. Ni haki yake kutajwa. Lakini mimi huona uchungu kwamba huku kwetu pwani, ambako watu wanasoma Kiarabu tangu dahari, ni wachache wanaomjua Msudani aliyemtangulia, Dakta Tigani El Mahi. Naye, kwa maoni yangu, ni mtu wa kwetu zaidi, maana aliyoyakuta kwao ndiyo haya tuliyo nayo sisi: kombe, hirizi, ubani na pepo.

Alizaliwa mwaka 1911 katika mji wa Al-Kawa, ukingoni mwa Nile Nyeupe. Alisoma Gordon College mjini Khartoum, kisha akaingia chuo cha udaktari cha Kitchener na kutoka nacho cheti mwaka 1935. Hapo akawa daktari wa serikali kama madaktari wengine, leo mji huu, kesho mji ule, akitibu homa, majeraha na matumbo.

Sasa ndugu msomaji, fikiri daktari kijana wa Kiislamu anaketi hospitalini na kuletewa mtu asiyelala siku nyingi, anayezungumza na asiowaona wenziwe. Karibu kila mgonjwa wa namna hii alikuwa ameshapita kwa faki. Faki ndiye mwalimu wetu wa chuoni. Huandika aya juu ya ubao kwa wino, akauosha kwa maji, na maji yale mgonjwa akanywa. Wasudani huyaita mihaya. Sisi huandika kwa zafarani juu ya sahani na kuosha kwa marashi ya waridi, tukaita kombe. Tofauti ni sahani na ubao tu. Kadhalika wana bakhra, karatasi iliyoandikwa ambayo hutiwa motoni na mgonjwa akajifukiza moshi wake. Mwanamke wa Lamu au Mombasa akienda huko leo hahitaji kufahamishwa lolote.

Madaktari wengi wa zama zile waliyatazama hayo kama ujinga wa kungojea upotee wenyewe. Tigani hakuyatazama hivyo. Mwaka 1947 alikwenda Uingereza kusomea maradhi ya akili, akahitimu mwaka 1949, akawa Msudani wa kwanza kuwa na elimu hiyo. Mtu aliyetoka Uingereza wakati ule angeweza kurudi na kiburi, na kiburi chenyewe kilikuwa na vitabu vya kukitetea. Hapa Kenya hospitali ya Mathari ilikuwa chini ya Dakta J. C. Carothers tangu mwaka 1938 hadi 1950, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu kilichodai kwamba Mwafrika hutumia kwa uchache sehemu ya mbele ya ubongo wake. Hayo yaliandikwa juu ya babu zetu, na yakasomwa kwa heshima.

Tigani yeye alifungua kliniki ya maradhi ya fahamu Khartoum Bahri mnamo mwaka 1950. Iliitwa kliniki, si nyumba ya wazimu, na jina ni dawa pia. Watu walikuja na kurudi makwao. Alitumia dawa na njia za kisasa za wakati wake bila ya kusita, lakini hakuanza kwa kumnyang'anya mgonjwa hirizi yake. Aliuliza ilitoka wapi, na kwa nini. Alijenga urafiki na mafaki, akataka kujua wanavyofanya kazi na ni nani anayepona mikononi mwao. Nimfahamuvyo mimi, hoja yake ilikuwa hii: mgonjwa hana mwili peke yake, ana imani, ana mama, ana jirani wanaomsema, daktari anayetibu kimoja na kuvitukana vyengine amejifungia mlango mwenyewe.

Wako watakaosema kwamba huko ni kuchanganya haki na batili. Siwezi kuwakubalia. Kuheshimu si kukabidhi. Kliniki ilibaki kliniki na daktari akabaki daktari.

Nayasema haya nikiwa Mboghoni, upande wa Taveta, ambako nimekaa miaka kadhaa katikati ya migomba inayonyweshwa kwa maji ya Kilimanjaro. Mtu wa pwani akifika huku hudhani ameacha mambo ya kwao, kumbe yamemtangulia. Yuko kijana wa jirani yangu aliyeanza kusikia sauti. Hospitali ilimpa vidonge, akatulia. Mwalimu mmoja, ambaye sitamtaja, akamwambia mama yake kwamba vidonge vinazuia kisomo kisifanye kazi. Vikaachwa. Haikuisha miezi miwili kijana akakutwa usiku yuko mbali, kwenye njia ya mpaka, hana viatu. Mama alilia mbele yangu, na kilichomliza zaidi ni kwamba alikuwa akimficha daktari habari za mwalimu, na mwalimu habari za daktari. Alikuwa na matabibu wawili, na katikati amesimama peke yake. Mzee wa msikiti akawaita pamoja mama na mwalimu mwengine, wakaafikiana kisomo kiendelee na vidonge viendelee. Hakuna aliyekuwa amemsikia Tigani.

Jambo jengine lililomshughulisha bingwa huyu ni zar, pepo za wanawake wa Sudan, zenye ngoma zake, mavazi yake na masharti yake. Wanachuoni wengi wakizikataza, na madaktari wakizicheka. Tigani alizichungua kwa kalamu. Aliona kwamba mwanamke asiye na pahali pa kusema dhiki yake huisema kwa ulimi wa pepo, na wanaomzunguka hulazimika kumsikiliza. Sisi wa pwani tunazijua ngoma za kupunga. Ndugu zetu wa Milima ya Taita nao wana saka, ambayo Bibi Grace Harris, mtaalamu wa Kimarekani, aliiandikia makala mwaka 1957: mwanamke hutetemeka na kuzimia kwa sababu ya kitu alichotamani au alichokiogopa, kisha huchezewa ngoma na kupewa alichotaka. Kama ngoma hizo ni halali au si halali, hilo lina wenyewe wa kulitolea fatwa. Daktari ana swali lake: bibi huyu ana dhiki gani?

Mwaka 1959 alitoa kitabu cha utangulizi wa historia ya utabibu wa Kiarabu, na mwaka huo huo akaenda Iskandaria kuwa mshauri wa maradhi ya akili wa Shirika la Afya Duniani, shirika lile lile lililochapisha kitabu cha Carothers. Alikaa huko hadi 1964. Mapinduzi ya Oktoba yalipomwangusha Jenerali Abboud mwaka huo, Wasudani walimtia Tigani katika baraza la watu watano lililoshika ukuu wa nchi mpaka katikati ya 1965. Siasa sizisemi zaidi. Hazikuwa kazi yake.

Alifariki Januari 1970, hajatimiza miaka sitini. Makala zake teule zilikusanywa na Ahmad Al-Safi na Taha Baasher na kuchapishwa Khartoum mwaka 1981. Vitabu vyake, ambavyo alivipenda mno, vilikwenda katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Khartoum, na hospitali ya maradhi ya akili ya Omdurman ikapewa jina lake. Vita vilivyozuka Sudan Aprili 2023 viliingia katika miji hiyo yote mitatu, Khartoum, Bahri na Omdurman, mtaa kwa mtaa.