CLAUDE GARAMOND: JINA NA KAZI

Mara hii tunawaletea maisha ya Claude Garamond. Jina lake liko katika ordinatere nyingi, pale tunapochagua aina ya herufi za kuandika barua ao mwaliko wa ndoa.

Garamond alikuwa mchonga herufi kule Paris, inchi ya Ufaransa. Alichonga kila herufi kinyume, kwenye ncha ya chuma kigumu. Kisha chuma kilipigwa juu ya shaba ili kupata kalibu, na ndani ya kalibu walimimina risasi ya moto. Kazi ya macho na uvumilivu! Herufi zake za Kigiriki, zilizoagizwa kwa ajili ya mfalme, Robert Estienne alizitumia kuchapa Agano Jipya mwaka 1550. Ni huyu Estienne aliyekimbilia Geneva, na mwaka 1551 akalitia namba za mistari.

Garamond alichonga pia italiki, ndizo herufi za kuinama. Zilianza kule Venezia karibu na mwaka 1500, zikifuata mwandiko wa mkono. Kwa kuwa ni nyembamba, kitabu kizima kidogo kilichapwa nazo. Baadaye zikapata kazi ingine: kuonyesha jina la kitabu, neno la lugha ya kigeni, ao neno la kukaza. Katika Biblia ya Kiingereza ya Geneva, mwaka 1560, watafsiri waliandika kwa italiki maneno waliyoyaongeza wao wenyewe ili maana ieleweke. Hawakutaka msomaji afikiri ya kwamba yalikuwa katika maandiko ya asili.

Garamond alikufa mwaka 1561 bila utajiri, na vyombo vyake vikauzwa.

Sasa sikieni. Jean Jannon, Mprotestanti wa mji wa Sedan, alizaliwa mwaka 1580, Garamond akiwa amekwisha kufa. Mwaka 1621 alionyesha herufi alizochonga yeye mwenyewe. Herufi kubwa za italiki yake haziinami sawasawa, na hapo ndipo unaweza kuzitambua. Zilifika katika kiwanda cha uchapaji cha mfalme, na katika karne ya 19 watu wa kiwanda kile wakazipa jina la Garamond. Viwanda vingine vikaiga. Ni mwaka 1926 tu Beatrice Warde alionyesha wazi ya kwamba mwenye kazi ni Jannon. Hata vile, Monotype Garamond, inayopatikana katika ordinatere nyingi, imetoka kwa Jannon, lakini jina ni la Garamond.

Garamond hakuiba kitu, alikuwa kaburini. Lakini sisi tuko wazima. Mmoja akifanya kazi ya nyumbani usiku na taa, mwingine asubuhi anainakili na kuweka jina lake, tutasema nini? Wale watafsiri walitenga neno moja tu lisilokuwa la asili. Tuwe waaminifu namna ile. Na wewe ambaye kazi yako haikuandikwa jina, usichoke: herufi za Jannon zingali zinasomwa.