Kaluza: Msomi aliyesota miaka 20 huku akiwaza dimensheni ya tano

UNGEFANYA nini kama ungemtumia Albert Einstein wazo lako, akalisifu, halafu akalikalia kwa zaidi ya miaka 2?

Hayo ndiyo yaliyompata Theodor Kaluza.

Alizaliwa Novemba 9, 1885 karibu na mji ambao leo ni Opole, Poland, enzi hizo ukiwa Ujerumani. Alikulia Königsberg, akasomea hisabati huko huko, na kuanzia 1909 akawa mhadhiri wa chuo kikuu cha mji huo. Lakini usidhani alikuwa na mshahara mnono. Cheo chake kilikuwa cha chini, na alitegemea ada kidogo za wanafunzi waliohudhuria masomo yake. Alisota hivyo miaka 20, akiwa na familia.

Kichwa nacho kilikuwa moto. Alijua lugha nyingi, Kiarabu kikiwemo. Inasimuliwa kwamba alijifunza kuogelea kwa kusoma kitabu tu, kisha akajitosa majini na kuogelea papo hapo.

Einstein alikuwa ameonyesha kwamba uvutano ni kupinda kwa dimensheni 4: 3 za nafasi na 1 ya wakati. Mnamo 1919 Kaluza akajiuliza: je, tukiongeza moja?

Alipopiga hesabu, jedwali la Einstein lenye namba 10 likawa na 15. Ukilitazama kutoka kwenye dimensheni zetu 4, namba 10 ni uvutano uleule. 4 ni umeme na sumaku. Yaani nguvu mbili zimetoka chungu kimoja! Ikabaki namba 1.

Hiyo ndiyo wanafizikia huita uga wa skala. Fikiria joto: Mombasa lina namba yake, Limuru namba nyingine, na haliangalii kaskazini wala kusini. Upepo, kinyume chake, una mwelekeo.

Einstein alivutiwa, kisha akaingiwa na shaka. Barua zilienda na kurudi, makala yakabaki kwenye droo. Ni Desemba 1921 tu alipoyawasilisha mbele ya wasomi wa Berlin.

Mnamo 1926, Oskar Klein wa Sweden akaeleza mbona hatuioni dimensheni hiyo: imejikunja kuwa duara dogo ajabu. Waya wa stima ukiuona kwa mbali ni mstari tu, lakini siafu aliye juu yake anaweza kuuzunguka. Ile namba iliyobaki ndiyo hupima ukubwa wa duara hilo, mahali hadi mahali.

Wengi waliiona kama masazo, wakaifanya isibadilike. Miaka ya 1940, Pascual Jordan na Yves Thiry walionyesha kuwa ukiifunga hivyo, unaubana umeme na sumaku bila sababu. Ukiiachilia, nguvu ya uvutano yenyewe inaweza kubadilika. Leo nadharia zenye dimensheni nyingi zimejaa uga za aina hiyo.

Kaluza alipata uprofesa Kiel mwaka 1929, Einstein akiwa amempigia debe, akahamia Göttingen mwaka 1935. Alifariki huko Januari 19, 1954.

Hadi sasa hakuna jaribio lililoiona dimensheni ya tano. Lakini vijana wa fizikia kote duniani bado wanaanza na hesabu ya mhadhiri huyo aliyelipwa kidogo, na bado wanakuna kichwa juu ya ile namba moja iliyobaki.