Joseph Thomson: Kijana aliyetumwa na Sultani kutafuta makaa ya mawe

Ukisimama chini ya mnara wa taa wa Ras Mkumbi, kule Bweni, kaskazini kabisa ya kisiwa cha Mafia, mwamba unaoukanyaga ni matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe. Hapo huokoti hata kipande kimoja cha makaa ya mawe. Lakini bahari iliyo mbele yako ndiyo njia ya kutoka Unguja kwenda kusini, na miaka ya 1880, Mafia ilipokuwa bado chini ya Sultani wa Zanzibar, meli za moshi katika pwani hii zilikuwa zinakula makaa yaliyosafirishwa kutoka mbali. Sultani Barghash alikuwa na meli zake, na gharama za makaa alizijua. Akataka apate ya kwake.

Aliyempa kazi hiyo alikuwa kijana wa miaka 23 tu, Joseph Thomson. Alizaliwa Februari 14, 1858, katika kijiji cha Penpont huko Scotland. Baba yake alikuwa mwashi ambaye baadaye aliendesha machimbo ya mawe, na ndani ya machimbo hayo mtoto alianza kupenda miamba. Baadaye alisoma jiolojia, elimu ya miamba na historia ya ardhi, katika Chuo Kikuu cha Edinburgh.

Alifika kwetu mara ya kwanza akiwa msaidizi wa Keith Johnston, mchora ramani. Mei 1879 msafara wao uliondoka Dar es Salaam kwenda maziwa ya bara. Mwezi uliofuata Johnston alifariki kwa kuhara damu huko Behobeho, katika nchi ya Rufiji, upande wa bara unaotazamana na Mafia. Thomson, akiwa na miaka 21, akaachiwa msafara mzima. Alifika Nyasa na Tanganyika, akarudi pwani salama mwaka 1880. Haki itendeke hapa: njia aliijua zaidi mnyapara wake, Chuma, yule yule aliyesaidia kubeba mwili wa Livingstone hadi pwani. Vitabu vingi humtaja Chuma kwa mstari mmoja tu.

Mwaka 1881 Barghash akamwajiri. Livingstone alikuwa ameripoti dalili za makaa katika bonde la Ruvuma, na Sultani alitaka uhakika. Thomson na Chuma wakashukia Mikindani, wakapanda bonde la Ruvuma mpaka upande wa mto Lujenda, ambao leo uko Msumbiji. Walilikuta jiwe jeusi lililokuwa likizungumzwa. Thomson akaliweka motoni. Halikuwaka vya kutosha kuendesha chochote.

Kwa nini jiwe jeusi moja liwake na jingine lisiwake? Hebu tulieleze taratibu, kwa sababu ndilo lililoamua kazi ya kijana huyu.

Makaa ya mawe ni mimea. Ukichimba tope la mikoko pale Mafia utanusa harufu nzito, na utakuta majani na mizizi ya siku nyingi ambayo haijaoza yote, kwa kuwa chini ya maji hewa haifiki. Katika ardhi ya Tanzania ya leo, kati ya miaka milioni 300 na 250 iliyopita, jambo la namna hiyo lilitokea kwa ukubwa wa kutisha. Haikuwa mikoko, maana mikoko haikuwepo bado. Afrika ilikuwa imeshikamana na India, Australia na Antaktika kuwa bara moja, barafu kubwa ilikuwa imeanza kuyeyuka, na mabonde yenye baridi yakajaa vinamasi. Mimea ilikufa juu ya mimea iliyokufa, ikawa mboji nene. Kisha mito ikaleta mchanga na tope juu yake, tabaka kwa tabaka. Uzito ukakamua maji, joto la chini ya ardhi likafukuza gesi, kikabaki kile kinachowaka: kaboni.

Sharti ni kwamba kinamasi kitulie. Mto ukiingia mara kwa mara na udongo wa mfinyanzi, mimea huchanganyika na tope, na baada ya mamilioni ya miaka unapata mwamba mweusi wenye mafuta kidogo, ambao ukiuchoma hutoa moshi na kukuachia majivu karibu sawa na jiwe lenyewe. Hicho ndicho alichokipata Thomson.

Angeweza kumwambia Sultani achimbe zaidi, huku mshahara ukiendelea. Hakufanya hivyo. Alitoa taarifa kwamba hakuna makaa ya maana. Barghash hakufurahi, na kijana akarudi kwao.

Umaarufu wake ulikuja baadaye. Mwaka 1883 na 1884 alipita nchi ya Wamaasai hadi karibu na Ziwa Victoria, akajeruhiwa na nyati njiani. Maporomoko ya Nyahururu, Kenya, yaliitwa kwa jina lake, na swala tomi wa Serengeti ana jina hilo hilo lililofupishwa. Alikwenda pia Sokoto, Moroko na kusini ya Kongo, safari mbili kati ya hizo kwa ajili ya kampuni za Kiingereza zilizokuwa zinatafuta mikataba na ardhi. Sehemu hiyo ya maisha yake hatuisifu. Alifariki London Agosti 2, 1895, akiwa na miaka 37, mwili umechoka kwa maradhi ya safari.

Na makaa yapo. Mto Ruvuma unaanzia milima ya Matogoro karibu na Songea, mbali sana magharibi ya pale Thomson alipowasha moto wake. Upande huo huo wa magharibi, Ngaka wilayani Mbinga, vinamasi vile vya kale vilitulia vya kutosha. Leo makaa ya Ngaka hupakiwa kwenye malori, na mengine hushushwa hadi bandari ya Mtwara, jirani na Mikindani.